Si Mimi Niliyekimbia

Naishi Milimani. Ukisikia hivyo usije mbio kuniomba mkopo. Wengi wamekuja, wakaondoka wakiniachia mimi hela ya unga. Milimani ya hapa Nakuru ni mtaa wa majumba, mijakaranda, malango yanayojifungua yenyewe na mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Mimi niko nyuma ya jumba moja la namna hiyo, kwenye vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya mtumishi, ambavyo siku hizi wanapangishiwa walimu wastaafu wenye anwani nzuri na mfuko mbaya. Barua zangu zinasema Milimani. Sufuria zangu zinasema mengine.

Natanguliza hayo ili ujue kwamba mtu wa hali yangu hana anasa nyingi. Anasa yangu ni moja tu, gitaa, na hiyo moja nayo watu hawataki niifaidi kwa amani.

Jumapili moja mwezi jana watu watano, kila mmoja kwa wakati wake na bila kushauriana, waliniambia neno moja. Alianza kijana wa ngoma: “Mwalimu, umekimbia.” Akafuata kijana wa kinanda: “Mwalimu, leo ulikimbia kidogo,” na hilo “kidogo” akalitamka kama nesi anayekuambia sindano haiumi. Mwalimu wa kwaya alitikisa kichwa, akaona haitoshi, akalisema kwa mdomo. Mama mmoja wa kayamba alinishika mkono mlangoni na kuniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, maana niliupiga ule wimbo kama mtu anayewahi hospitali. Wa tano ni binti yangu mwenyewe, niliyemlipia karo kutoka chekechea hadi chuo, ambaye alinirekodi kwa simu na kunipimia: “Baba, ulianza na mapigo 104 kwa dakika, ukamaliza na 128.”

Mimi! Mtu ambaye mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzia matatu ya mwisho ya Njoro, na huyo binti hajazaliwa.

Hebu nieleze kilichotokea, uamue mwenyewe. Ilikuwa ibada ya shukrani. Kiongozi wa sifa alianzisha pambio, moja ya yale yenye mistari miwili na marudio mia mbili. Kwenye rudio la arobaini hivi akaninyooshea kidole: gitaa! Maana yake waimbaji wanyamaze, waumini wapige makofi, nami nijaze nafasi kwa chochote kitakachonijia. Mpaka hapo mguu wangu wa kulia ulikuwa unagonga sakafu kama cherehani ya fundi hodari. Nilianza vizuri. Sauti tatu, pumziko. Sauti tatu, pumziko. Akina mama wa kayamba wakanyanyua mikono.

Halafu nikapata wazo.

Wazo ndilo adui. Nikipiga kitu nilichokikariri, mguu unajua kazi yake na vidole vinajua yao, kila mtu na shamba lake. Nikianza kubuni papo hapo, vidole vinaita mkutano wa dharura na mguu nao unaenda mkutanoni. Vidole vikijaza sauti nyingi mahali padogo, mguu unaona kumbe kuna haraka, unaongeza mwendo. Mkono ukitaka kuruka kutoka chini ya shingo ya gitaa hadi juu kabisa, unaogopa kuchelewa, kwa hiyo unafika kabla ya saa. Na lile pumziko, jamani! Pumziko ndipo ninapofia kabisa. Nikinyamaza kwa mapigo manne, naona kama kanisa zima linafikiri nimesahau, kwa hiyo nanyamaza kwa mapigo matatu. Fanya hivyo mara nne tu na tayari una deni la fungu zima ambalo hakuna wa kulilipa.

Ubaya zaidi, kijana wa ngoma badala ya kukaa alipo alinifuata. Makofi yakamfuata kijana wa ngoma. Kayamba zikafuata makofi. Mchungaji, ambaye hucheza kwa heshima, hatua moja kushoto na moja kulia, alionekana kama mtu aliyekanyaga siafu. Mimi niliyekuwa mbele nikafika mwisho wa solo kama matatu iliyofika stendi bila abiria.

Sasa subiri methali. Mwalimu wa kwaya alinipa “haraka haraka haina baraka.” Mama watoto akanipa “pole pole ndio mwendo” pamoja na chai ya jioni. Mimi sina ugomvi na wahenga, lakini kwenye suala hili waliniacha njiani. Jumapili iliyofuata nilikwenda pole pole kama nilivyoshauriwa, na kijana wa ngoma akaniambia, “Mwalimu, leo unaburura.” Kumbe kuburura nako ni kosa! Wahenga walishughulikia haraka, wakashughulikia pole pole, sawasawa wakaisahau.

Binti yangu akaniwekea metronomu kwenye simu. Kama hukijui chombo hiki, ni kitu cha kusema “tik, tik, tik” bila huruma mpaka ukizime au ukivunje. Kile cha asili kilikuwa kisanduku cha mbao chenye ulimi wa chuma unaoyumba huku na huku. Kilipewa hataza mwaka 1815 kwa jina la Mjerumani mmoja, Johann Maelzel, lakini ufundi wa ndani ulikuwa wa Dietrich Winkel wa Amsterdam, aliyeubuni mwaka mmoja kabla. Maelzel aliuona, akaongezea kipimo cha namba, akaenda kujiandikishia. Yaani chombo cha kufundisha watu wasikimbie kilianza maisha yake kwa mtu kukimbia nacho.

Beethoven alikifurahia, na mwaka 1817 akatangaza namba za kasi za simfoni zake nane alizokuwa nazo wakati huo. Mpaka leo wanamuziki wanabishana, wengine wakisema namba nyingi za mzee ni za kasi mno, hazipigiki. Nilimweleza kijana wa ngoma jambo hili kwa kirefu. Akasema, “Sawa, lakini yeye alikuwa Beethoven.”

Basi nikaanza mazoezi ya usiku na tiktik yangu, mapigo themanini kwa dakika. Siku ya tatu, saa nne za usiku, mlango ukabishwa. Nje alikuwepo fundi wa bomba na mkoba wake, na nyuma yake soja wa lango na tochi. Mwenye nyumba, akiwa kitandani kwake jumba la mbele, alikuwa amesikia matone. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na mtu akisikia tone linapotea usiku huona kama damu yake inamwagika. Fundi aliinamia sinki, akaweka sikio kwenye ukuta, akapapasa bomba la bafu, halafu akasimama akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa na kazi mara ya kwanza maishani.

“Inavuja,” akasema, “lakini inavuja vizuri sana. Sijawahi kuona.”

Nikamwonyesha simu. Alinitazama kwa muda wa mapigo kama kumi na sita, nilihesabu, kisha akadai nauli ya usiku. Nililipa mimi. Ongeza hiyo kwenye gharama za kutokimbia.

Na tiktik yenyewe haikunisaidia. Nikipiga wimbo mtupu, tulikuwa marafiki. Nikianza kubuni, nilikuwa siisikii tena, na nikija kuisikia, yeye alikuwa upande ule na mimi upande huu, kama wapenzi waliokosana wanaotembea kila mmoja na ukuta wake.

Kijana wa kinanda akaniambia shida yangu ni ushamba. Siku hizi, akasema, mdundo si kazi ya mtu, ni kazi ya mashine: unabonyeza kitufe, ngoma na besi zinajipiga, wewe unapamba. Akanitajia watu wa mugithi, ambao mmoja wao na gitaa lake na mashine yake ya midundo anaweza kukesha na baa nzima. Hilo kweli. Mugithi kwa Kikuyu ni gari la moshi, na wachezaji hujipanga foleni, kila mmoja ameshika kiuno cha wa mbele, wakizunguka meza kama mabehewa. Mji huu wenyewe ulizaliwa na reli iliyofika hapa mwaka 1900, kwa hiyo ukipiga mugithi Nakuru unapiga ngoma ya kwao.

Jumamosi moja nikaenda kujionea, na kwa kimbelembele changu nikakubali kupanda jukwaani kwa wimbo mmoja. Mpiga gitaa akaniachia mashine ikiwa inakwenda, akaenda kununua nyama. Mabehewa yalikuwa yanapita mbele yangu, akina mama na wazee na kijana mmoja amebeba chupa yake kichwani. Nikapiga. Nikapata wazo.

Kijana wa ngoma kanisani, kwa makosa yake yote, nikipotea hupotea pamoja nami. Mashine haina utu huo. Ilikwenda zake. Nikawa nusu pigo mbele, nikajaribu kurudi nikawa nusu pigo nyuma, na foleni ikaanza kukatika: kichwa cha treni kinafuata mashine, mkia unafuata mimi. Mama mmoja wa behewa la kati alisimama kabisa, akaniangalia, akasema kwa sauti ambayo hata mashine haikuifunika, “Huyu ametuangusha kwa reli.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipanda kilima dhidi ya upepo wa Menengai. Soja alikuwa kwenye kibanda chake cha lango, jiko la makaa miguuni, redio sikioni. Ni mzee aliyepita miaka sabini, mtu wa Magharibi kule Butere, na kwa miaka minne alikuwa amesikia kila zoezi langu bila kutoa maoni. Nilichukulia hiyo kuwa adabu. Kumbe alikuwa anasubiri niulize. Usiku huo alichoka kusubiri.

“Mwalimu, nikuulize kitu?”

“Uliza, mzee.”

“Huyo anayekupigia chupa ni nani?”

“Hakuna anayenipigia chupa.”

“Ndiyo maana,” akasema, akaongeza kaa jikoni.

Nikaketi. Akanieleza kwamba zamani, kwao, hakuna mtu aliyebeba gitaa kwenda harusini au matangani peke yake. George Mukabi, yule gwiji wa mtindo wa omutibo aliyefariki mwaka 1963, na wengi wa enzi yake walipiga gitaa kavu na pembeni kulikuwa na mtu na chupa ya soda, ya Fanta hasa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na mifuo mwilini. Unaigonga kwa kitu cha chuma, unaikwaruza kwenye mifuo, ndiyo ngoma yenu, ndiyo saa yenu. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto kazi yake ilikuwa kumpigia mjomba wake chupa. Mjomba akilewa, akilia, akisahau maneno, akibuni beti kumtania bwana harusi, chupa ilikuwa pale pale.

“Gitaa peke yake,” akasema, “ni kama mtu anayeongea peke yake barabarani. Anaweza kuwa anasema ukweli, lakini anatembea ovyo.”

Nikajitetea. Nikamwambia dunia inawakumbuka wapiga solo. Sote tunamjua Franco wa TPOK Jazz, na amefariki tangu 1989. Sasa nani anamkumbuka aliyekaa nyuma yake akimpigia ridhimu usiku kucha, yale yale kwa yale yale?

“Simaro Lutumba,” akasema mzee, bila hata kugeuza kichwa. “Naye alifariki 2019. Ulikuwa unasema?”

Sikuwa nasema tena.

Asubuhi nikaenda kutafuta chupa. Usicheke, ni kazi. Supamaketi zote nilizoingia zilikuwa na Fanta za plastiki, na plastiki ukiigonga inasema “puf” kama mtu anayekudharau. Nikateremka hadi kioski kimoja karibu na stendi.

“Nataka Fanta ya chupa.”

“Umekuja na chupa?”

“Ningekuwa na chupa, ningekuja kufanya nini?”

“Hapa ni chupa kwa chupa,” mwenye kioski akasema. “Huna, unanywea hapa hapa.”

“Sitaki soda, mama. Nataka chupa.”

Akaniangalia juu mpaka chini. “Wewe unatoka wapi?”

“Milimani.”

“Hao ndio hupotea na chupa zetu.”

Nililipa soda, nikalipa amana ya chupa, nikaacha jina, nikainywa hiyo Fanta chini ya uangalizi wake, nikaondoka na chupa yangu chini ya kwapa kama mlevi wa saa tatu asubuhi. Mzee aliipindua kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ubavu wake na kusikitika kwamba siku hizi zimekuwa laini kama mashavu ya mtoto. Akatoa msumari wa nchi sita mfukoni. Kwa nini soja wa usiku ana msumari wa nchi sita mfukoni, sikuuliza.

Nikafikiri atanipigia, nami nipambe. Akanikabidhi mimi chupa na msumari.

“Mzee, mimi ni mpiga solo.”

“Wewe ni mpiga mbio. Shika.”

Nikaishika shingoni kwa nguvu, nikagonga. Ikatoa sauti ya kijiko kwenye sahani ya bati. Akanilegeza vidole kimoja kimoja mpaka chupa ikawa inaning'inia tu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia nigonge tena. Ikaimba. “Ukiikaba inakunyima sauti,” akasema. Pigo la begani juu kidogo, pigo la chini karibu na kitako zito kidogo, na kati yake nafasi. Nikamuuliza anahesabu vipi. Akasema hahesabu, hesabu ni ya watu wa benki. Moyoni husema maneno yasiyoisha, wala hayana haraka ya kuisha: ugali upo, mboga ipo, ugali upo, mboga ipo.

Jaribu ukiwa peke yako. Yanakaa vizuri mdomoni, na mtu anayejiambia hivyo hana pa kukimbilia.

Juma zima nilipiga chupa kibandani, dakika ishirini kila jioni, yeye akichota uji na kusikiliza. Dakika mbili za kwanza ni rahisi. Ya tatu akili inaanza kutembea. Najiambia ugali upo, mboga ipo, kisha bila kujua ninasema kodi ipo, stima ipo, karo ipo, na mzee ananigusa goti: “Umeshaondoka.” Hapo ndipo nilipoanza kujielewa. Mimi sikimbii kwa furaha ya muziki. Nakimbia kama ninavyotembea mjini, kama mtu anayedaiwa. Na nitalalamika hapo pia: tangu Nakuru itangazwe jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila kitu ninacholipia kimeongeza mapigo kwa dakika isipokuwa pensheni.

Jioni ya saba akaniruhusu kuchukua gitaa, akachukua chupa yeye. Kabla hatujaanza akanishika kidole gumba cha mkono wa kulia.

“Hiki ni soja,” akasema. “Hiki cha shahada ni tajiri mwenye nyumba. Tajiri atoke, arudi usiku wa manane, alete wageni, apige kelele, alale nje. Ni mali yake. Lakini soja yuko langoni. Siku soja atakapomfuata tajiri kwenye sherehe, kesho yake hamna televisheni.”

Miaka thelathini na mitano ya ualimu, na sikuwahi kueleza kitu vizuri hivyo. Mpigo wa vidole viwili wa akina Mukabi ndio huo: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, chini, juu, chini, juu, na cha shahada kinabuni kwenye nyuzi nyembamba. Ndivyo pia alivyopiga Mwenda Jean Bosco kule Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na ambaye hakuupiga wimbo wake vile vile mara mbili. Msomi mmoja, David Rycroft wa London (si London yetu ya hapa Nakuru, ile nyingine), aliketi na rekodi hizo, akaandika kila sauti kwa nota, na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962. Nota zote hizo zinatuonyesha tajiri akirandaranda usiku, na soja hajasogea hata hatua moja.

Tukapiga. Nikapata wazo. Vidole vikaita mkutano wao, lakini safari hii gumba halikwenda. Mzee hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anaangalia barabara, kazini. Nikanyamaza mapigo manne kamili, na katika kimya hicho nikasikia chupa yake ikiniambia kwamba hakuna aliyeondoka. Nikarudi ndani. Lango lilikuwa wazi.

Ningependa kukuambia kwamba Jumapili iliyofuata nilipiga solo ya kihistoria. Sikupiga. Stima zilipotea katikati ya pambio. Kinanda kikafa na ngoma zake za kitufe, spika zikafa, gitaa langu la umeme likawa ubao wenye waya. Yakabaki makofi, na makofi ya kanisa yakiachwa bila mlezi unayajua: yanaanza kama mvua ya rasharasha na kuishia kama mabati yanayoezuliwa. Yalikuwa yameshaanza kupanda. Mchungaji ameshaanza siafu zake.

Nilikuwa na chupa kwenye mkoba wa gitaa, na msumari. Nikaitoa, nikailegeza vidoleni. Ugali upo, mboga ipo. Mwanzoni hakuna aliyesikia. Kisha kijana wa ngoma akageuza jicho, akashusha mkono, akanifuata. Makofi yakamfuata yeye. Kayamba zikaja. Wimbo ukakaa chini kama mgeni aliyepewa kiti.

Hapo mama mmoja wa kwaya, ambaye siku zote huimba mstari wake na kunyamaza, akaachia sauti. Akaitoa kwenye wimbo, akaipandisha, akaivunja vipande, akaikawiza mpaka nikaogopa kwamba harudi, akapiga kigelegele palipotakiwa neno, kisha akateremka na kutua pale pale, juu ya pigo la kwanza, bila jasho. Kanisa likalipuka. Akafanya tena, mbali zaidi. Mimi mkono unauma, bega linawaka, na nilichokuwa nacho kichwani ni ugali na mboga. Ukweli ni kwamba kazi hiyo inachosha, wala haina utamu wowote wa kusimulia. Utamu wote alikuwa nao yeye.

Baada ya ibada nilisimama mlangoni, nikiwa nimejiweka mahali pa kupongezwa. Mama wa kayamba, yule wa kuulizia mgonjwa, alikuja moja kwa moja.

“Leo pambio limetulia kweli,” akasema. “Ni vile mpiga gitaa hakuwepo.”

Aliniambia hivyo mimi, na nina msumari mkononi. Nikaona si vizuri kumsahihisha. Nikarudi ndani kuchukua chupa yangu niliyokuwa nimeiacha juu ya kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Vijana wa huduma walikuwa wamekusanya chupa zote za soda za wageni, wakazipanga kwenye kreti, kreti zikapandishwa pikipiki, na pikipiki ilikuwa imeshapita pale kona.

Nilifika nyumbani jioni. Mzee alikuwa anawasha jiko.

“Chupa iko wapi, mwalimu?”

“Haipo, mzee. Imeondoka na boda.”

Akafikiri kidogo, akipuliza kaa.

“Kwa hiyo leo ni chupa iliyokimbia?”